Kutazama televisheni ya dijitali kwenye kompyuta ukiwa Uingereza: leseni, vifaa na namna ya kuunganisha

Bahasha ya kwanza hufika kabla hujamaliza kutoa nguo kwenye begi. Haina jina lako. Juu imeandikwa tu kwamba ni ya mkaaji halali wa nyumba hiyo, na ndani kuna maneno makali: anwani hii haina leseni ya televisheni, uchunguzi unaweza kufunguliwa, faini inaweza kufika pauni 1,000. Mgeni aliyetoka Mwanza au Mombasa jana yake anaisoma mara tatu, anaangalia chumba kisicho na televisheni, halafu anapiga simu kwa mtu wa kwanza anayemjua mjini. Simu za namna hiyo nimezipokea nyingi, na ndizo zilizonisukuma kuandika mwongozo huu.

Kinachowachanganya watu wetu ni mazoea ya nyumbani. Tanzania na Kenya tunalipia kifurushi cha king'amuzi, na pesa ikiisha, chaneli zinakatika. Kutokulipa kunajionyesha kwenye kioo. Uingereza hakuna kinachokatika. Freeview, mfumo wa televisheni ya dijitali ya antena ulioanza Oktoba 2002, hurushwa wazi bila kufungwa kwa kadi. Ukichomeka antena, chaneli zote zitakuja hata kama hujalipa senti. Leseni haifungui chochote. Ni wajibu wa kisheria unaofuata kile unachotazama na wakati unapokitazama, wala hauangalii kama unatumia televisheni ya inchi 55, kompyuta ya mapajani au simu.

Kwa hiyo anza na leseni, vifaa vije baadaye. Ukishajua wewe ni mtazamaji wa aina gani, hata ununuzi wa vifaa unakuwa rahisi.

Hatua ya kwanza: jiulize maswali mawili

Msingi wa sheria ni Sheria ya Mawasiliano ya mwaka 2003 na kanuni zake za 2004. Kwa mtu wa kawaida, yote yanaishia kwenye maswali haya.

Je, utatazama au kurekodi kipindi cha televisheni wakati kinaporushwa, kwenye chaneli yoyote, kwa njia yoyote? Kama ndiyo, unahitaji leseni.

Je, utatumia BBC iPlayer, huduma ya BBC ya kutazama vipindi kwa intaneti, hata kwa kipindi kilichorushwa wiki iliyopita? Kama ndiyo, unahitaji leseni. Hili la pili liliongezwa tarehe 1 Septemba 2016. Kabla ya hapo vipindi vya zamani vya iPlayer vilikuwa huru, na bado wapo wenyeji wanaokupa ushauri wa enzi hiyo.

Kama majibu yote ni hapana, huhitaji leseni. Unaweza kutazama filamu za Netflix, vipindi vilivyohifadhiwa kwenye programu za intaneti za ITVX au Channel 4, DVD na video za YouTube zilizopakiwa, ukacheza michezo na kusikiliza redio yoyote duniani bila kulipa. Leseni ya redio peke yake ilifutwa mwaka 1971.

Neno la kushika ni «wakati kinaporushwa». ITVX ukiifungua na kuchagua kipindi cha jana, uko huru. Ukibofya chaneli inayoendelea hewani muda huo kwenye programu ileile, umeingia ndani ya sheria. Mechi ya mubashara kwenye Amazon Prime Video inahitaji leseni, filamu iliyo jirani yake kwenye orodha haihitaji. Kusimamisha kipindi cha mubashara kwa dakika tano ukachemshe chai, halafu ukaendelea kilipoishia, hakukugeuzi kuwa mtazamaji wa vipindi vya zamani.

Sasa nataka nikae hapa kidogo, maana hapa ndipo Waswahili wengi wanapojikwaa bila kujua.

Taarifa ya habari ya saa mbili usiku ya nyumbani hutufikia huku saa kumi na mbili jioni wakati wa kiangazi, na saa kumi na moja jioni saa zinaporudishwa nyuma. Ni muda mzuri: mtu ametoka kazini, ugali uko jikoni, anafungua kompyuta na kuitazama chaneli ya Dar es Salaam au Nairobi inayorusha matangazo yake YouTube papo kwa papo. Wengi huamini kwamba kwa kuwa ni YouTube, na kwa kuwa chaneli si ya Uingereza, sheria haiwahusu. Inawahusu. Sheria haibagui chaneli kwa nchi inakotoka. Kipindi cha chaneli ya televisheni kikitazamwa wakati kinaporushwa, ukiwa ndani ya Uingereza, kinahitaji leseni, kiwe cha BBC One au cha kituo cha Zanzibar kinachokujia kwa intaneti. Hali ni hiyohiyo kwa dishi lililofungwa ukutani linalonasa setilaiti ya chaneli za Kiarabu, jambo ambalo ndugu zetu waliopitia Oman wanalijua vizuri.

Ila habari hiyohiyo ikishapakiwa kama video, hata saa moja baada ya kusomwa, unaitazama bila leseni. Na harusi ya binamu yako inayorushwa mubashara na mpiga picha wake, au darsa la msikitini linalorushwa kwa simu ya muumini, si kipindi cha chaneli ya televisheni, kwa hiyo halihesabiwi. Nimeona familia ikiacha kutazama mazishi ya mzee wao Tanga kwa kuogopa faini. Hofu hiyo haikuwa na sababu.

Nani anafunikwa na leseni ya nani

Leseni hutolewa kwa anwani. Familia moja katika nyumba moja huhitaji leseni moja, hata kama kuna televisheni nne na kompyuta sita.

Mambo hubadilika kwenye nyumba za kushirikiana, ambako wengi wetu huanzia maisha. Chukua mkataba wako wa upangaji uusome. Kama wote mmesaini mkataba mmoja wa pamoja, kwa kawaida leseni moja inawatosha, mchange. Kama kila mmoja ana mkataba wake wa chumba, kila anayetazama chumbani mwake anahitaji leseni yake, hata kama jikoni na choo ni vya wote. Mwenye nyumba akikuambia «leseni ipo», muulize ni ya sebule au ya chumba chako. Ukiwa umepanga chumba ndani ya nyumba anayoishi mwenye nyumba, leseni yake inakufunika kama una uhusiano naye, kwa mfano wewe ni ndugu yake au mfanyakazi wa ndani wa familia hiyo. Mpangaji wa kawaida anayetazama chumbani kwake hafunikwi.

Wanafunzi wana nafuu maalumu, na imeleta maelezo mengi ya uongo. Mwanafunzi anaweza kutazama chuoni kwa kutumia leseni ya nyumbani kwa wazazi wake, mradi kifaa kinatumia betri yake ya ndani peke yake, hakijachomekwa kwenye umeme wakati anatazama, na hakijaunganishwa na antena. Kompyuta ya mapajani ikiwa na chaji, sawa. Ukichomeka chaja katikati ya mechi, nafuu imekwisha. Lakini soma tena maneno «leseni ya nyumbani kwa wazazi». Mwanafunzi ambaye wazazi wake wako Arusha hana leseni hiyo ya kuegemea, kwani nyumba ya Arusha haina leseni ya Uingereza. Mwenzako wa darasani aliyezaliwa Leeds anaweza kuwa sahihi kuhusu yeye mwenyewe, na ushauri wake ukakuingiza wewe matatani.

Wenye saluni, mgahawa au duka: leseni ya nyumbani kwako haifuniki sehemu ya biashara.

Mwenye umri wa miaka 75 au zaidi hupata leseni ya bure ikiwa yeye au mwenzi anayeishi naye anapokea Pension Credit, msaada wa serikali kwa wastaafu wa kipato kidogo. Utaratibu huu ulianza Agosti 2020, na kabla yake wazee wote wa umri huo hawakulipa. Mtu aliyesajiliwa kuwa na upofu au uoni hafifu mno hulipa nusu. Nyumba ikiwa na mzee au ndugu wa namna hii, leseni iandikwe kwa jina lake. Inauma kuona mama wa miaka 78 analipiwa ada nzima kwa sababu tu ya jina lililojazwa kwenye fomu.

Bei na malipo

Kuanzia tarehe 1 Aprili 2025 ada ilikuwa pauni 174.50 kwa mwaka. Bei hutazamwa upya kila Aprili, kwa hiyo siku ya kulipa soma iliyoandikwa kwenye tovuti rasmi, tvlicensing.co.uk. Ipo pia leseni ya picha nyeusi na nyeupe ya bei ya chini, lakini usiifikirie: kompyuta inaonyesha rangi na inaweza kurekodi, kwa hiyo haiwezi kuingia humo.

Unaweza kulipa yote kwa mkupuo, au kuruhusu benki ikate kila mwezi au kila robo mwaka. Mwezi kwa mwezi kuna jambo la kujiandaa nalo. Leseni yako ya kwanza hulipwa ndani ya miezi sita, yaani karibu pauni 29 kila mwezi kwa ada hiyo ya 2025. Baada ya hapo ndipo makato hushuka hadi kama nusu yake, ukiwa sasa unajilipia mwaka unaofuata polepole. Watu wakiona 29 wanadhani wameibiwa. Malipo ya robo mwaka yana nyongeza ya pauni 1.25 kila mara, na sioni faida yake. Asiye na akaunti ya benki anaweza kuomba kadi ya malipo na kulipa taslimu kidogo kidogo kwenye maduka yenye alama ya PayPoint. Ukiwa na madeni, uliza mpango wa malipo nafuu kabla ya kuacha kulipa.

Pesa hizi zinakwenda BBC, na ndani yake mna sehemu yetu. Idhaa ya Kiswahili ya BBC ilianza kutangaza tarehe 27 Juni 1957, na tangu Aprili 2014 ada ya leseni ndiyo imekuwa chanzo kikuu cha fedha za BBC World Service, yaani idhaa za BBC kwa dunia, ikiongezewa na ruzuku ya serikali. Shangazi anayesikiliza Dira ya Dunia akiwa Tabora anaisikiliza kwa sehemu kubwa kwa pesa za mlipaji wa Leicester. Nalipa kwa moyo mweupe, na sioni haya kusema hivyo.

Kama huhitaji leseni

Usikae kimya ukitumaini barua zitachoka. Hazichoki. Ingia tvlicensing.co.uk, jaza tamko kwamba anwani yako haihitaji leseni, na uhifadhi uthibitisho watakaokutumia. Barua zitapungua sana, ingawa baada ya muda wataandika kuuliza kama hali yako imebadilika. Ukijaza tamko, liwe la kweli, na wanaoishi nawe walijue. Kijana wa nyumba akifungua iPlayer kwa siri, tamko lako linakuwa si kweli.

Maofisa wanaweza kubisha hodi. TV Licensing ni jina la biashara la BBC, na tangu 2002 kampuni ya Capita ndiyo inayoendesha sehemu kubwa ya kazi hiyo. Ofisa anayekuja si polisi. Hana haki ya kuingia kwako bila ruhusa yako, isipokuwa ana hati ya upekuzi iliyotolewa na mahakama. Muombe kitambulisho, muongee kwa adabu, na ukitaka aondoke mwambie aondoke. Ukimruhusu kuingia, anaweza kukagua vifaa. Asikutishe mtu na hadhi yako ya uhamiaji mlangoni. Kutazama bila leseni ni kosa la jinai ambalo adhabu yake ni faini isiyozidi pauni 1,000 pamoja na gharama za kesi, si kifungo. Kifungo huja pale tu mtu anapokaidi kulipa faini ambayo mahakama imeshaamuru. Hati ya wito wa mahakama ikifika, ijibu ndani ya muda ulioandikwa. Anayeitupa kapuni huhukumiwa bila maelezo yake kusikika.

Na jihadhari na matapeli. Barua pepe za uongo zinazojifanya za leseni ya televisheni ni nyingi, hasa zile za «malipo yako yamekataliwa, bofya hapa». Usibofye. Fungua tovuti rasmi mwenyewe kwa kuandika anwani yake, uingie kwa namba ya leseni yako, uangalie.

Vifaa: unahitaji nini

Kama umeamua kulipa, una njia mbili za kutazama mubashara kwenye kompyuta.

Ya kwanza ni intaneti. Unajiandikisha BBC iPlayer kwa barua pepe na msimbo wa posta, unafungua pia ITVX na Channel 4, na umemaliza. Kwa mtu mwenye intaneti nzuri isiyo na kikomo, hii inatosha kabisa. Udhaifu wake ni kuchelewa. Picha ya intaneti hubaki nyuma ya antena, na jirani atashangilia bao kabla hujaliona.

Ya pili ni antena na tyuna, yaani kidude kinachopokea mawimbi ya antena na kuyapeleka kwenye kompyuta, na mimi ndiyo niipendayo. Haili data, haisumbuliwi na watu wanane wanaogombania Wi-Fi ya nyumba moja, na inakuruhusu kurekodi na kubaki na faili lako mwenyewe.

Nunua tyuna ya USB yenye DVB-T2. Hili neno la mwisho lisome kwenye boksi kwa makini. Freeview ina viwango viwili: chaneli za picha ya kawaida hurushwa kwa DVB-T, na zile za HD hurushwa kwa DVB-T2 tangu Desemba 2009. Tyuna za bei ya chini zinazouzwa mitumba, hasa zile zenye chipu ya RTL2832U peke yake, hunasa DVB-T tu, na utabaki unajiuliza chaneli za HD ziko wapi. WinTV-soloHD na WinTV-dualHD za Hauppauge zinafanya kazi vizuri, na ya pili ina tyuna mbili ndani, yaani unatazama moja na kurekodi nyingine. Mwenye kompyuta ndogo ya Raspberry Pi anaweza kupata kibao cha TV HAT kilichotoka 2018. Kidude cha DVB-T2 ulichonunua Nairobi nacho kitafanya kazi, maana Kenya inatumia kiwango hichohicho. Kilichonunuliwa Marekani hakitafanya kazi, wao wanatumia kiwango kingine kabisa, ATSC. Kwa mtumiaji wa Mac njia isiyo na maumivu ni tyuna ya mtandao kama HDHomeRun ya toleo la DVB-T2. Inachomekwa kwenye ruta, na kila kompyuta ya nyumbani inaipata.

Antena ni nusu ya kazi, na ndiyo watu wanayoidharau. Kabla ya kununua, tafuta ukutani soketi ya antena. Nyumba nyingi za Uingereza zina antena juu ya paa na waya unaoshuka sebuleni. Jaribu hapo kwanza. Ukilazimika kutumia antena ya ndani, iweke dirishani upande wa mtambo unaorusha matangazo ya eneo lako, juu iwezekanavyo, mbali na friji na ruta. Tovuti ya Freeview itakuambia mtambo wako ukiandika msimbo wa posta: London ni Crystal Palace, Birmingham ni Sutton Coldfield, Leicester ni Waltham, Manchester ni Winter Hill. Mitambo mikubwa kwa kawaida hurusha mawimbi yaliyolala, kwa hiyo vijiti vya antena navyo vilale. Mitambo midogo ya kusaidia mingi hurusha yaliyosimama. Nimeona mtu akinunua vikuza mawimbi viwili wakati alichohitaji ni kugeuza antena nyuzi 90.

Kikuza mawimbi kiwe cha mwisho. Karibu na mtambo kinazidisha nguvu mpaka tyuna inalewa, na picha inakuwa mbaya kuliko mwanzo.

Kuunganisha na kutafuta chaneli

Kwenye Windows, weka kwanza programu endeshi ya kidude kutoka kwa mtengenezaji, ndipo uchomeke kidude. Usitafute Windows Media Center, iliondolewa na Windows 10. Tumia programu ya WinTV kama kidude ni cha Hauppauge, au NextPVR ambayo ni ya bure na inarekodi vizuri. Ndani yake chagua kifaa, chagua nchi na mtambo wako, bofya kutafuta, subiri dakika chache.

Kwenye Linux, chomeka kidude kisha uangalie kama folda ya /dev/dvb imetokea. Kama haipo, soma ujumbe wa mfumo kwa amri ya dmesg. Mara nyingi utakuta unalalamikia faili la fimuwea, yaani programu ndogo inayoendesha kidude chenyewe. Vidude vingi vya DVB-T2 vina chipu ya Si2168, inayodai faili liitwalo dvb-demod-si2168-b40-01.fw. Liweke kwenye /lib/firmware, chomoa kidude, chomeka tena. Kwa kutazama tu, programu ya Kaffeine inatosha. Kwa kurekodi na kusambaza ndani ya nyumba, weka Tvheadend. Ukishaiweka, fungua kivinjari kwenye mlango wa 9981 wa kompyuta hiyo (anwani yake ikifuatiwa na :9981), tengeneza mtandao mpya wa aina ya DVB-T, chagua mtambo wako kwenye orodha iliyoandaliwa, uunganishe mtandao huo na tyuna, uache itafute. Ikimaliza, kila huduma iliyopatikana igeuze kuwa chaneli. Ratiba ya vipindi ya Freeview HD hurushwa ikiwa imebanwa, kwa hiyo kwenye mipangilio ya ratiba washa chaguo la Freeview ya Uingereza, la sivyo utapata majina yaliyovurugika au usipate kitu.

VLC, programu ya kuchezea video, nayo inafungua tyuna moja kwa moja, na ni nzuri kwa kujaribu kama waya wako ni mzima. Kwenye menyu ya kufungua kifaa, chagua televisheni ya dijitali, weka masafa na upana wa MHz 8. Masafa utayapata kwa hesabu hii: namba ya chaneli ya UHF (namba ya masafa ambayo mtambo hutumia, si namba ya chaneli kwenye rimoti) zidisha kwa 8, jumlisha 306. Chaneli ya 23 ni MHz 490. Kama sanduku linataka kHz, andika 490000. Siku hizi Freeview inatumia chaneli za 21 hadi 48 tu, kwa sababu zilizo juu yake zilikabidhiwa kwa kampuni za simu, kazi iliyokamilika 2020.

Hapo utagundua kwamba masafa moja hubeba chaneli nyingi kwa pamoja. Kifurushi hicho cha mawimbi huitwa maltipleksi, na tyuna moja hushika maltipleksi moja kwa wakati. Ndiyo maana Tvheadend inaweza kurekodi BBC One na BBC Two za kawaida pamoja kwa tyuna moja, maana zinasafiri kwenye gari moja, lakini ukiongeza ITV inahitaji tyuna ya pili.

Picha ikisumbua

Dijitali haina chengachenga za zamani. Picha ni safi, halafu inakatika vipande vya mraba, halafu haipo. Angalia vipimo viwili kwenye programu, nguvu na ubora. Ubora ndio wenye maana. Nguvu kubwa na ubora mdogo ni dalili ya mawimbi yaliyozidi au yanayogongana. Nguvu ndogo ni waya, antena, au kigawanyaji: kila ukigawa waya mara mbili, mawimbi yanapungua zaidi ya nusu.

Siku za utulivu mkubwa wa hewa, hasa wakati wa kiangazi, mawimbi ya mitambo ya mbali husafiri kupita kiasi na kuingilia ya kwako. Chaneli zikipotea ghafla siku kama hiyo, usitafute upya, utaifuta orodha nzuri uliyokuwa nayo. Subiri, zitarudi.

Kama watu wanaokimbia wanaonekana na mistari kama meno ya chanuo, si kosa la antena. Vipindi vingi hurushwa kwa mistari ya kupishana, na kompyuta inahitaji kuiunganisha. Kwenye VLC washa chaguo la «Deinterlace», uchague Yadif 2x, na mpira utakimbia laini. Kama kuna sauti inayoeleza kila kinachoonekana, umeangukia njia ya sauti ya wasioona. Badilisha njia ya sauti kwenye menyu.

Kuhusu nafasi ya diski: kila Mbit/s moja ya chaneli ni kama MB 450 kwa saa. Chaneli ya kawaida yenye Mbit/s 2.5 itakula GB 1.1 kwa saa, na ya HD yenye Mbit/s 6 kama GB 2.7. Diski ya nje ya TB 1 itakubeba muda mrefu.

Ukihama au ukirudi nyumbani

Ukihama, hamisha leseni kwenye tovuti. Unaweza kufanya hivyo hadi miezi mitatu kabla. Ukisahau, leseni inabaki kwenye nyumba ya zamani huku wewe ukitazama bila leseni kwenye mpya.

Mwanafunzi anayemaliza masomo Juni, au yeyote anayeondoka nchini, asiache pesa zake. Kama hutaihitaji tena leseni kabla haijaisha, na imebakiwa na angalau mwezi mmoja kamili, unaweza kuomba kurudishiwa sehemu iliyobaki. Omba ukiwa bado na akaunti ya benki ya Uingereza, wiki chache kabla ya ndege, na ukishaomba usifungue tena iPlayer wala chaneli ya mubashara mpaka siku ya safari. Kama ulikuwa unakatwa kila mwezi, ghairi leseni kwanza kwenye tovuti ndipo usimamishe makato benki. Ukianza na benki, kumbukumbu zao zitaonyesha deni, na barua zitaendelea kumfuata atakayehamia chumba chako.